Kuchanganya mazao na kugawa shamba Kongwa: kuanzia kishimo cha udongo hadi mkutano wa kijiji

Ukishuka Mbande ukashika barabara ya kwenda Kongwa mjini mwishoni mwa Februari, mvua ikiwa imekata wiki mbili, utaona mashamba yanayopakana yakisimulia habari tofauti. Shamba la mahindi matupu majani yamejikunja kama ya kitunguu. Hatua chache pembeni mtama umetulia, haukui lakini haufi, unasubiri. Chini yake kunde zimefunika ardhi, na mama mwenye shamba anachuma majani ya mboga ya jioni. Mvua ni ileile na jua ni lilelile. Mmoja ameweka mayai yote katika kapu moja, mwenzake ameyagawa.

Mwongozo huu ni kwa mkulima wa Kongwa, na wa Dodoma kwa jumla, mwenye eka tatu hadi kumi, anayelima kwa jembe la mkono au plau ya ng'ombe, na anayetegemea msimu mmoja wa mvua. Nimezifuata hatua hizi kwenye shamba langu, na pale nilipokosea nitasema.

Hatua ya 1: Chimba kabla ya kuchagua mbegu

Wengi tunaanza na swali la "mwaka huu nipande nini?" Anza na "hapa pana udongo gani?"

Mwezi wa Oktoba, kabla ya pilikapilika za kusafisha mashamba, chukua jembe na chupa ya maji utembee shamba zima. Chimba vishimo vitano vyenye kina cha goti: juu kwenye mwinuko, katikati ya mteremko, bondeni, karibu na nyumba, na pale ambapo mazao hudumaa kila mwaka. Kila kishimo chota konzi moja ya udongo wa chini, ulowanishe kidogo, ukande, kisha uviringishe kati ya viganja upate kijiti chenye unene wa kidole. Ukimeguka hata haukubali umbo, hicho ni kichanga. Kijiti kikitokea lakini kikakatika unapokikunja, ni tifutifu. Kikikunjika hadi ukatengeneza pete, ni mfinyanzi, na mara nyingi utaukuta bondeni au kwenye mbuga ile nyeusi inayopasuka nyufa kiangazi.

Kishimo kilekile kitakuonyesha kitu kingine. Mahali palipolimwa kwa kina kimoja miaka mingi, jembe likifika kiasi cha sentimita 15 au 20 linagonga tabaka gumu. Mizizi ya mahindi haipenyi hapo, na maji nayo hayashuki. Mahali kama hapo panahitaji kupasuliwa kwa ripa ya ng'ombe au kuchimbwa mashimo ya kupandia, na panafaa kupewa mbaazi, maana mzizi wake mkuu una nguvu ya kushuka.

Kongwa inajua gharama ya kutoujua udongo. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mradi mkubwa wa karanga, wakilenga kulima zaidi ya eka milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, wakang'oa vichaka, wakapanda zao moja eneo kwa eneo. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na kiangazi ulikauka ukawa kama saruji, karanga zikakwama chini, vyuma vikalika. Mvua nayo haikuja kama walivyoitegemea. Januari 1951 serikali yao ikaufuta mradi, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Wagogo waliokuwa wakiishi pembeni ya mashamba yale walikuwa wakilima mtama na uwele katika vipande vidogo, kila zao mahali pake.

Hatua ya 2: Hesabu tumbo kwanza

Kabla ya kufikiria fedha, jua familia yako inakula nini kwa mwaka. Usikisie. Jaza debe la nafaka, peleka mashine, kisha hesabu siku hadi unga uishe. Tuseme limekwisha siku 6. Mwaka una siku 365, kwa hiyo unahitaji debe 61. Debe sita ni gunia, hivyo ni gunia 10 na kidogo. Ongeza mbili za wageni, misiba na mbegu, unapata 12.

Sasa jiulize: mwaka wa mvua mbaya, shamba lako hutoa gunia ngapi kwa eka? Tumia mavuno ya mwaka mbaya, wala usitumie ya mwaka ule unaoupenda kuusimulia. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia eka za chakula ni ngapi. Zinazobaki ndizo za biashara.

Hatua ya 3: Gawa shamba kwa udongo

Chora shamba kwenye karatasi. Eka moja ni hatua 70 kwa 70 za mtu mzima, inatosha kwa kazi hii. Weka alama za udongo ulioupata, kisha kila kipande kipe zao linalolingana nacho.

Kichanga kipe uwele, karanga na njugu mawe. Karanga hung'oka vizuri kwenye udongo mwepesi bila kuacha maganda chini. Tifutifu linalokaa na unyevu, hasa lililo karibu na zizi ambako samadi inafika, lipe mahindi. Mfinyanzi wa chini upe mtama, kwa kuwa mtama huvumilia ukame na huvumilia pia maji kusimama siku chache. Mbuga nyeusi inaweza kukupa dengu au choroko mwishoni mwa mvua, zikaota kwa unyevu uliobaki. Alizeti haina makuu, ila usiipande mahali pamoja mwaka hadi mwaka.

Kwa mfano, mwenye eka tano zenye udongo mchanganyiko anaweza kugawa hivi: eka mbili za mtama na uwele zikichanganywa na kunde, eka moja na nusu ya mahindi na mbaazi, eka moja ya alizeti, nusu eka ya karanga na njugu mawe. Pembeni ya nyumba, pale penye majivu na samadi, maboga na mlenda. Mtu asidharau kipande hicho cha nyumbani: mwezi wa Januari, ghala likiwa limebaki vumbi, ndicho kinacholisha watoto.

Kama shamba lina mteremko, pima kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, kwa fremu ya miti yenye umbo la herufi A, na uchimbe makingamaji ya fanya juu (mfereji ambao udongo wake unatupwa upande wa juu) kabla ya kupanda chochote. Karibu na mto acha mita 60, ndivyo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Tena kipande kile hata ukikilima, mto utakuja kukichukua siku moja.

Hatua ya 4: Chagua mazao yanayoishi pamoja

Hapa ndipo penye utamu wa kazi. Kuchanganya mazao si kumwaga mbegu za kila aina kwenye shimo moja. Mazao mawili huishi vizuri pamoja yakipishana: moja likiwa na haraka jingine likiwa taratibu, moja likinyonya juu jingine likishuka chini, moja likila naitrojeni (chakula cha mmea) ya udongo jingine likijitengenezea ya kwake.

Mahindi na mbaazi. Huu kwangu ni mchanganyiko wa kwanza. Mbaazi katika miezi miwili ya mwanzo hukua polepole sana, utadhani zimekataa. Wakati huo mahindi yanajitwalia mwanga na mbolea bila kugombana na mtu. Mahindi yakianza kukauka, mbaazi ndiyo kwanza zinaamka, zinashusha mzizi kwenye unyevu ambao mahindi hayakuufikia, na zinatoa maua wakati mvua imekwisha. Majani yake yanaanguka na kulisha udongo.

Panda mahindi mstari hadi mstari sentimita 90, shimo hadi shimo sentimita 60, na baada ya kupunguza acha mimea miwili kila shimo. Mbaazi panda katikati ya mistari, lakini ruka nafasi moja: nafasi hii weka, inayofuata acha wazi. Hivyo mstari wa mbaazi hadi mwingine unakuwa sentimita 180, na shimo hadi shimo sentimita 60. Panda siku moja na mahindi, au usichelewe zaidi ya palizi la kwanza. Mwaka wa kwanza nilijaza mbaazi kila nafasi kwa tamaa, nikapata kichaka: palizi la pili halikupitika, na mahindi yakawa na magunzi mafupi yenye mapengo. Nafasi ile iliyoachwa wazi ina kazi yake.

Mtama na kunde. Mtama mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 30. Ukishatimiza wiki mbili au tatu, pitisha mstari mmoja wa kunde katikati. Kunde zinazotambaa hufunika ardhi, zinapunguza magugu na jua kuchoma udongo, na majani unaanza kuchuma kabla hujaona hata suke la mtama. Kuna faida nyingine. Shamba lenye kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, uwele na mahindi, linapata nafuu ukiingiza kunde, kwa sababu mizizi ya baadhi ya kunde huamsha mbegu za kiduha zikaota na kufa bila kupata pa kujishikiza. Hata hivyo usiache kuking'oa kabla hakijatoa maua, maana mmea mmoja unamwaga maelfu kwa maelfu ya mbegu. Mahali palipoathirika sana tumia mtama wa Hakika au Wahi, mbegu zilizotolewa kwa ajili ya kustahimili kiduha. Pasipo na kiduha, Macia ni mfupi, unawahi, na unga wake ni mweupe.

Karanga ziache zenyewe, mstari hadi mstari sentimita 50, shimo hadi shimo 10. Watu huzichanganya na alizeti kwa kuwa zote ni mazao ya mafuta. Alizeti inazikalia juu, inanyang'anya mwanga, unaishia kung'oa mashina yenye ganda tatu. Alizeti nayo nafasi ni 75 kwa 30, yenyewe.

Utajuaje kama mikunde, yaani kunde, karanga, mbaazi na jamii yake, inafanya kazi ya kulisha udongo? Wakati kunde au karanga zinaanza kutoa maua, ng'oa shina moja taratibu ukisaidiwa na jembe, usivute kwa nguvu. Kung'uta udongo. Kwenye mizizi utaona vinundu kama vichwa vya njiti za kiberiti. Kata kimoja kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, bado hakijaanza au kimechoka. Hukioni kabisa? Mimea yako inakula naitrojeni ya udongo kama mahindi tu, na hapo omba ushauri wa afisa ugani kuhusu bakteria wa kuchanganya na mbegu.

Kupima kama mchanganyiko unalipa, tenga vipande vidogo viwili, kimoja cha mahindi matupu na kimoja cha mbaazi tupu, ulinganishe. Tuseme, kwa mfano wa kuhesabia, mahindi matupu yamekupa gunia 8 kwa eka na mbaazi tupu gunia 4. Kwenye mchanganyiko umepata mahindi 6 na mbaazi 3. Sita kwa nane ni 0.75, tatu kwa nne ni 0.75, jumla 1.5. Maana yake ungehitaji eka moja na nusu kupata mavuno hayohayo kwa kupanda kila zao peke yake. Jumla ikiwa chini ya 1, mazao yako yanagombana, rudi kwenye nafasi.

Hatua ya 5: Panga tarehe kwa kuiogopa Februari

Mvua za Kongwa huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, kiasi cha milimita 400 hadi 600 sehemu kubwa ya wilaya. Lakini jumla haikuambii kitu kama huijui Februari. Mara nyingi katikati ya msimu mvua inakata kwa wiki mbili, tatu, wakati mwingine zaidi.

Mahindi yaliyopandwa katikati ya Desemba hutoa mbelewele na ndevu karibu katikati ya Februari. Siku zile chache za ndevu zikikosa maji, punje hazifungi, na mvua ya Machi hairudishi kilichopotea. Mtama una subira: ukikosa maji unasimama, yakirudi unaendelea. Ndiyo maana kipande cha mahindi kiwe kidogo, kiwe na mbegu inayokomaa mapema, na kipandwe kwa mvua ya kwanza ya kweli. Mvua ya kweli ni ile iliyolowesha udongo kwa kina cha sentimita 20 au zaidi. Chimba upime, usidanganywe na harufu ya udongo.

Mtama na uwele vinaweza kupandwa kavu, wiki ya mwisho ya Novemba, vikisubiri mvua ardhini. Lakini tusipande juu ya kuberega. Kukwangua na kuchoma kisha kupanda kwenye ardhi isiyolimwa kunaokoa nguvu kweli, naelewa kwa nini mtu asiye na ng'ombe anakufanya, ila maji yote yanateleza kwenda korongoni. Kama huwezi kulima eka zote, lima nusu vizuri. Ukiweza, piga matuta na uyafunge kwa vizuizi kila baada ya mita mbili hivi, ili kila kisanduku kikae na maji yake.

Hatua ya 6: Kaa na jirani na mfugaji

Hatua hii haimo kwenye vipeperushi vingi vya mbegu, na ndiyo iliyoniumiza.

Mbaazi huvunwa Julai na Agosti. Mahindi na mtama vinaondoka shambani Mei na Juni. Kwa desturi yetu, mavuno yakishatoka, mifugo huachiwa mashamba ipate kula mabua. Sasa fikiria shamba moja lenye mbaazi mbichi zenye maganda, limezungukwa na mashamba kumi matupu yenye ng'ombe. Mwaka mmoja nilienda msibani, nikarudi baada ya siku tatu. Eka moja na nusu ya mbaazi ilikuwa imebaki vijiti. Mwenye mifugo hakuwa mtu mbaya. Kwa macho ya kijiji, msimu ulikuwa umekwisha.

Kwa hiyo mchanganyiko wa mazao si uamuzi wako peke yako. Unagusa jinsi kijiji kizima kinavyotumia ardhi. Fanya haya kabla ya msimu, Oktoba au Novemba:

Zungumza na majirani wanaopakana nawe, mashamba ya mbaazi yakae pamoja, yashikane. Mashamba matano yaliyoshikana yanalindwa na watoto wawili. Mashamba matano yaliyotawanyika hayalindiki. Yaliyo kando ya njia ya mifugo na karibu na lambo yapewe mtama na alizeti, mazao yanayotoka mapema.

Pelekeni jambo kwenye serikali ya kijiji lifike mkutano mkuu. Tarehe ya kufungulia mifugo mashambani inaweza kuwekwa kuwa sheria ndogo ya kijiji, ikapitishwa na halmashauri ya wilaya, nayo ikawa na nguvu. Kama kijiji hakina mpango wa matumizi ya ardhi, ombeni uandaliwe chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007. Huo ndio unaotenga malisho, njia za mifugo, mashamba, misitu na makazi kwa ramani inayoeleweka. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mtu mwenye hati anathubutu kupanda miti na kuchimba makingamaji.

Usiende kwa mfugaji mikono mitupu. Mimi humwambia mzee jirani yangu: "Shikamoo baba. Mabua ya mahindi na mtama ni yako yote, nitakukatia nikulundikie pembeni. Mbaazi uniachie hadi mwisho wa Agosti, na samadi ya zizini unipe mikokoteni sita." Tumekaa hivyo misimu mitatu bila ugomvi.

Mkiwa mkutanoni, chukueni dakika chache mhesabu mazao ya kitongoji. Kila kaya itaje eka zake kwa zao. Mkikuta zaidi ya nusu ya eka zote ni alizeti, au zote ni mahindi, jueni mtauza wiki moja, kwa wanunuzi walewale, kwenye soko lilelile la Kibaigwa. Mwaka 2017 India ilipozuia uingizaji wa mbaazi, bei ilianguka vibaya nchini, na waliokuwa wamepanda mbaazi tupu ndio walioumia zaidi. Aliyekuwa nazo katikati ya mahindi alikula ugali wake na mbaazi zake.

Hatua ya 7: Zungusha, kausha, andika

Mwaka wa pili mahindi yaende palipokuwa na karanga au kunde, alizeti iende palipokuwa na mahindi, mtama urithi kipande cha alizeti. Mbuga nyeusi ibaki na yake.

Kwenye kukausha usifanye mchezo. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu hapa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye kuvu. Usikaushe karanga wala mahindi chini kwenye udongo, tumia turubai au kichanja. Usinyunyizie karanga maji ili zibanguke kirahisi. Punje zilizosinyaa au kubadilika rangi ziondoe, na usimpe kuku wala mtoto.

Nunua daftari la shule. Ukurasa mmoja kwa kila kipande: tarehe ya kupanda, siku mvua ilipokata na iliporudi, magunia, bei, na jina la zao litakalofuata. Mbaazi zikishavunwa Agosti, kata mashina kwa panga karibu na ardhi, mizizi iache pale pale ioze. Mashina ni kuni nzuri, yanawaka upesi. Eka moja na nusu hutupikia hadi karibu na mvua.